Kilomita 160 chini ya jua: moyo wa farasi njo unaamua

Huku kwetu farasi haiko nyama ya kila siku. Wengi wetu tumewaona tu ku sinema. Lakini kama koperative yenu inapeleka ng'ombe ku soko kwa miguu, ao inalimisha ng'ombe shambani, kuna jambo kwa wapanda farasi wa mbali ambalo linatuhusu kabisa: namna ya kumpitisha nyama ndani ya siku ya jua kali, afike akiwa mzima.

Kule Marekani, katika jimbo la California, kuna mashindano yanayoitwa Tevis Cup. Yalianza mwaka 1955, wakati Wendell Robie, mtu wa mji wa Auburn, alipotaka kuonyesha kwamba farasi wa siku zetu bado anaweza kutembea maili 100, ni kusema kilomita 160, kwa siku moja. Alipanda na wenzake wachache, wakafika. Toka hapo watu wanakuja karibu kila mwaka. Wanaondoka milimani, Sierra Nevada, saa 11 na robo asubuhi, giza bado liko, na wanapaswa kufika Auburn kabla ya saa ile ile ya kesho yake. Ukijumlisha milima yote ya njiani, farasi anapanda zaidi ya mita 5000 na kushuka zaidi ya mita 6000. Wanaomaliza ni karibu nusu tu ya walioanza.

Asubuhi iko rahisi kidogo, sababu juu kule kuna baridi. Kazi yenyewe inaanza mchana, wakati njia inaingia ndani ya makorongo. Joto linapita digri 38, kuna miaka linapita 40, na upepo haufiki kule chini. Unashuka mpaka mtoni, unapanda upande wa pili kwa njia ya kona-kona, halafu unashuka tena. Hapo ndipo utaona mpandaji mwenye akili: anatoka mgongoni na kushuka korongo kwa miguu yake, akimtangulia farasi. Kwa kupanda, wengine wanashika mkia, farasi anawavuta. Wakifika ku maji wanatupa sponji iliyofungwa kwa kamba, wanaivuta ikiwa imejaa, wanakamulia shingo na kifua cha farasi. Hawangoji mpaka aonekane amechoka.

Sababu ya haya yote ni jasho. Farasi anatoka jasho kama sisi watu, lakini kwa wingi: wakati wa kazi nzito na joto anaweza kupoteza litre 10 kwa saa moja, hata zaidi. Na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko damu yake. Basi chumvi ikiisha mwilini anaweza kukosa hata hamu ya kunywa, na maji yako pale mbele yake. Ndiyo maana wapandaji wanabeba chumvi na kumpa kidogo kidogo njiani.

Sasa tufike kwa kitu tulichopenda zaidi. Kwa mashindano haya mpandaji hana neno la mwisho. Njiani kuna vituo ambako veterineri wanamngoja. Farasi aliyepumzika moyo wake unapiga kati ya 28 na 44 kwa dakika moja. Akiwa kazini unapanda sana. Kituoni unapaswa kurudi chini mpaka 60 ao 64, kufuatana na kituo, na kwa muda uliowekwa. Veterineri anavuta ngozi ya shingo aone kama inarudi upesi. Anafinya ufizi mpaka uwe mweupe, anahesabu: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Anatega sikio ubavuni, sababu tumbo lililonyamaza ni hatari. Mwishoni farasi anakimbizwa kidogo, aonekane kama anachechemea. Akishindwa, safari yake imeisha, hata mpandaji alie namna gani.

Na angalieni hesabu hii: kwa mashindano mengi ya aina hii, saa ya mapumziko haihesabiwi toka unapofika, inahesabiwa toka moyo wa farasi unaposhuka. Aliyekuja mbio na farasi wa moto anasimama pale akimwagia maji, na yule aliyekuja polepole anaanza kupumzika kabla yake. Kwa maoni yetu hii ni sheria ya haki kabisa. (Mwaka 1974 Gordy Ainsleigh, ambaye mwaka uliotangulia farasi wake alisimamishwa kwa kuchechemea, alikuja bila farasi. Alikimbia njia yote kwa miguu yake, saa 23 na dakika 42.)

Ng'ombe haiko farasi, tunajua. Jasho lake ni kidogo, joto analitoa sana kwa kupumua, tena tumbo lake lenyewe linatengeneza joto. Kwa hiyo kwake hesabuni pumzi. Simama kando yake, angalia ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika nzima. Ikipita 60, jua limemshika: tafuteni kivuli na maji, msimame. Akifungua mdomo, ulimi nje, mate yanatiririka, hapo hata soko liache. Mwagieni maji mwili wote mpaka yafike kwa ngozi, mara nyingi, pahali penye upepo. Mshika fimbo yeyote anaweza kuhesabu, haiombi chombo wala franka.

Na tunaomba kila kundi linalopeleka ng'ombe lichague mtu mmoja wa kuhesabu, ambaye haiko mwenye ng'ombe wala mnunuzi. Mwenye haraka ya soko ataona pumzi 50 pale penye 70.

Kule Auburn, wa kwanza kufika anapata kombe lake. Lakini toka mwaka 1964 kuna kombe lingine, Haggin Cup, ambalo wapandaji wengi wanalitamani kuliko la ushindi. Veterineri wanawaangalia farasi 10 waliotangulia kufika, na wanalitoa kwa yule aliye na hali nzuri kuliko wote, yule anayeonekana bado anaweza kuendelea na safari.