Hazina za Kidijitali za Vyuo Vikuu na Lugha ya Maelezo: Mfano wa Maandishi Kuhusu Kongwa

1.0 Utangulizi

Katika mwaka 2016 yalitokea maradhi katika mikoa ya Dodoma na Manyara ambayo yalisababishwa na chakula, hasa mahindi, kilichokuwa na sumukuvu. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na kati yao 20 walifariki. Miongoni mwa wilaya zilizoathirika ilikuwamo Kiteto, ambayo inapakana na Kongwa na inafanana nayo kwa hali ya hewa, mazao na namna ya kuhifadhi nafaka. Wakati huo sayansi ilikuwa imekwisha kuijua sumu hiyo kwa zaidi ya nusu karne, tangu bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa chakula kilichotengenezwa kwa karanga zilizoota kuvu.

Makala haya hayahusu kilimo wala tiba. Yanahusu swali ambalo ni la mkutubi na la mwanaisimu kwa pamoja: je, mtu anayetafuta maarifa hayo kwa Kiswahili katika hazina za kidijitali za vyuo vikuu vyetu huyapata? Tunadai kwamba aghalabu hayapati, na kwamba sababu kubwa si uhaba wa maandishi wala udhaifu wa mitambo. Sababu ni kwamba kuitunza hazina kumechukuliwa kuwa kazi ya fundi wa kompyuta peke yake, ilhali sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha.

2.0 Hazina ya kidijitali ni nini

Kwa hazina ya kidijitali tunamaanisha mkusanyo wa tasnifu, makala, ripoti, picha na sauti ambazo chuo kinazihifadhi katika seva na kuzitoa kwa wasomaji kwa njia ya intaneti. Hazina hutofautiana na tovuti ya kawaida kwa mambo mawili. Kwanza, kila andiko hupewa kitambulisho cha kudumu ambacho hakipaswi kubadilika hata kama seva itahamishwa. Pili, kila andiko huambatanishwa na rekodi ya maelezo: jina la mwandishi, anwani, mwaka, mada, mahali, lugha na ikisiri. Vipengele vya msingi vya maelezo hayo, 15 kwa idadi, vinatokana na mapatano yaliyoanzia katika mkutano uliofanyika Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1995. Programu inayotumiwa na vyuo vingi, vya Tanzania vikiwamo, ni DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Programu hiyo hailipiwi. Jambo hilo limewafanya baadhi ya viongozi wa vyuo waamini kwamba na hazina yenyewe hailipiwi.

3.0 Maandishi kuhusu Kongwa na mahali yalipo

Kongwa ni mfano mzuri kwa sababu ni mahali palipoandikwa sana na kusomwa kidogo na wenyeji wake. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulianza hapo mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Mvua zisizotegemeka na udongo wa mfinyanzi unaokauka ukawa mgumu kama saruji vilikuwa miongoni mwa sababu za kushindwa. Nyaraka za mpango huo kwa sehemu kubwa ziko Uingereza. Katika miaka ya 1960 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, zikiwamo za FRELIMO, ANC na SWAPO. Mtafiti wa habari za ANC atalazimika kwenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini, ambako pia zilipelekwa nyaraka kutoka Mazimbu, Morogoro.

Hayo ni ya zamani, na yumkini msomaji atasema kwamba ukoloni na vita vina desturi ya kubeba karatasi zao. Lakini ya leo nayo yametawanyika. Mradi wa Africa RISING ulifanya utafiti wa kilimo katika wilaya za Kongwa na Kiteto, na matokeo yake yamewekwa katika hazina ya CGSpace ya vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo. Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ya Arusha walifanya Kongwa jaribio la kupunguza sumukuvu katika chakula cha watoto wachanga. Tasnifu nyingine ziko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na nyingine Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho kiko mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka Kongwa.

Kutawanyika si kosa kwa lenyewe. Tangu mwaka 2001 kuna itifaki inayoiwezesha mashine moja kuvuna maelezo kutoka hazina nyingine, hata msomaji akatafuta mahali pamoja yaliyohifadhiwa mahali kumi. Sharti lake ni kwamba maelezo yanayovunwa yawe yameandikwa ipasavyo. Na hapo ndipo penye tatizo.

4.0 Neno analotumia mtafutaji

Mashine ya kutafutia hulinganisha herufi, si maana. Anayeandika sumukuvu hatapata tasnifu iliyoelezwa kwa Kiingereza tu, hata kama kila ukurasa wake unahusu mahindi ya Kongwa. Tasnifu nyingi za sayansi katika vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza, na si nia yetu hapa kuufufua mjadala wa lugha ya kufundishia. Tunachosema ni kwamba rekodi si lazima ifuate lugha ya andiko. Programu inaruhusu ikisiri zaidi ya moja, anwani mbadala, na alama ya lugha kwa kila kipengele. Kwa Kiswahili alama hiyo ni herufi mbili, sw. Nafasi hiyo ipo, na aghalabu huachwa tupu.

Kuijaza si suala la kufasiri tu. Tulichukue neno lenyewe. Sumukuvu ni nomino ambatani iliyoundwa vizuri, na imekubalika hata ikaingia katika jina la Mradi wa Kudhibiti Sumukuvu wa serikali. Hata hivyo matumizi yake yana utata. Kwa muundo wake neno hilo linapaswa kutaja sumu zote zinazotokana na kuvu, lakini katika matangazo ya afya na kilimo hutumiwa mara nyingi kwa aina moja tu, yaani aflatoksini. Mwanakemia anayetafiti sumu nyingine ya mahindi, mathalani fumonisini, aweke neno gani katika rekodi yake? Tunapendekeza sumukuvu libaki kuwa neno la jumla, na majina mahususi yaliyotoholewa yawekwe chini yake. Aidha, maneno kama ukungu na kuvunda, ambayo mkulima huyatumia kabla hajakutana na bwana shamba, yaandikwe nayo kama maneno ya kutafutia. Msamiati wa kilimo wa FAO uitwao AGROVOC una Kiswahili miongoni mwa lugha zake, ingawa istilahi zake za Kiswahili ni chache zikilinganishwa na za Kiingereza. Hapo pana kazi ya kutosha kwa wanafunzi wetu wa istilahi.

Kuna jambo la pili, ambalo linawahusu wanamofolojia moja kwa moja. Programu hizi zilitungwa kwa kufuata lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Kwa kanuni za Kiingereza, mashine hukata kiambishi tamati na kuyaona umoja na wingi kuwa neno moja. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Mtu akitafuta kihenge hataletewa rekodi yenye vihenge. Akitafuta ghala hataletewa maghala. Na mkulima na wakulima, mbele ya mashine hiyo, hawana undugu wowote. Mpaka hapo watakapopatikana wataalamu wa kuiandikia programu kanuni za ngeli zetu, mkutubi hana budi kuandika umoja na wingi katika rekodi.

Majina ya mahali nayo yana historia. Kongwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mpwapwa hadi miaka ya 1990, na Kiteto ilikuwa katika mkoa wa Arusha kabla ya mkoa wa Manyara kuundwa mwaka 2002. Tasnifu ya mwaka 1985 kuhusu kijiji cha Kongwa itakuwa imetaja Mpwapwa, na bila maelezo ya ziada haitaonekana kamwe kwa anayetafuta kwa jina la leo.

5.0 Utunzaji

Mambo ya mitambo tutayapitia kwa ufupi. Toleo la saba la DSpace, lililotoka mwaka 2021, lilibadilisha sura yote ya programu, na msaada kwa toleo la sita ulikoma mwaka 2023. Chuo ambacho hakikuhama kimebaki na mlango usiotengenezwa kufuli. Nakala rudufu zinapaswa kuwekwa nje ya jengo la seva, na kujaribiwa, kwa kuwa nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu. Tasnifu zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa zipitishwe katika programu ya kusoma herufi. La sivyo, kwa mashine hizo ni picha, si maandishi.

Tuliwahi kufuatilia katika hazina moja tasnifu tuliyoinukuu miaka minne kabla. Rekodi ilikuwapo, na kiungo cha kufungulia andiko kilikuwa kimekufa. Mhusika alitujibu kwa upole kwamba aliyekuwa akishughulikia mambo hayo alikuwa na mkataba wa mradi, na mradi ulikwisha. Hatumlaumu. Seva ilinunuliwa kwa fedha za maendeleo, lakini mshahara wa kuitunza haukuwamo katika bajeti ya kawaida ya chuo.

Kwa kazi ya lugha, fedha zinazohitajika si nyingi. Mwanafunzi anapowasilisha tasnifu ya sayansi atakiwe kuleta ikisiri ya Kiswahili pamoja na maneno makuu matano. Idara ya Kiswahili ya chuo husika iteue msomaji mmoja wa kuzihakiki kabla mkutubi hajaziingiza. Kazi hiyo ihesabiwe katika mzigo wa ufundishaji, maana isipohesabiwa haitafanyika. Tasnifu za nyuma zishughulikiwe kwa kufuata uzito wa mada, si kwa kufuata miaka, na kwa vyuo vya kanda ya kati tungependekeza kuanza na zinazohusu sumukuvu, maji na uhifadhi wa nafaka. Katika soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, wanunuzi wengi wana simu zenye intaneti mfukoni, na neno watakaloandika humo wakitaka kujua kuhusu mahindi yaliyoota ukungu ni la Kiswahili.