Sifuri Iliyopotea: Kuandaa Orodha ya Vipuri vya Vifaa Tiba

Kiangazi kinapofika Chimwaga, upepo wa nyanda za kati huinua vumbi likaingia hadi wodini. Mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani hulivuta vumbi hilo pia, na chujio lake likiziba, oksijeni inayomfikia mgonjwa hudhoofika. Mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja chujio jingine litafutwe kwa wiki mbili. Kwa hiyo kipuri hicho kidogo kinastahili mstari wake katika orodha, tena mstari ulioandikwa sawasawa.

Hospitali inayohama kutoka daftari kwenda programu ya kusimamia vifaa tiba kwa kawaida huanza na lahajedwali: vipuri vyote huorodheshwa humo, kisha faili hupakiwa kwenye programu. Kazi hii hudhaniwa kuwa ya karani tu.

Lahajedwali, hata hivyo, ina kiherehere. Husahihisha hata lisiloulizwa. Namba ya kipuri 00457 huigeuza 457. Namba 3-12 huifanya tarehe. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 huzifanya za mwisho kuwa sifuri. Ukishtuka baadaye na kuiamuru safu iwe ya maandishi, kilichopotea hakirudi: aliyeandika 3-12 mwaka 2025 aweza kukuta 45994, yaani hesabu ya siku ambayo kompyuta huitunza kwa ajili ya tarehe 3 Desemba. Safu ya namba ifanywe ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Na faili la CSV lisifunguliwe ovyo katika lahajedwali baada ya kuhifadhiwa, kwani madhara yale yale hurudi.

Tusiwalaumu mafundi wetu peke yao. Wanajenetiki duniani walisumbuliwa kwa miaka na jeni SEPT1, iliyogeuzwa kuwa tarehe 1 Septemba, hata jina lake rasmi likabadilishwa kuwa SEPTIN1. Nchini Uingereza mwaka 2020, majibu ya vipimo vya UVIKO-19 yalimiminwa katika faili la aina ya zamani, lenye ukomo wa mistari 65,536. Watu 15,841 wenye maambukizi hawakuhesabiwa kwa wakati, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa.

Kosa la majina ni letu sote. Muuguzi huandika "filta", mtunza stoo "chujio", fundi hunakili jina la Kiingereza lililo kwenye boksi. Kwa programu, hivyo ni vipuri vitatu. Itasema hakuna chujio ilhali mawili yapo rafuni. Chagueni jina moja, mengine yawekwe katika safu ya pembeni. Kila kipuri kitaje mashine yake pamoja na toleo lake, kwani machujio ya mashine mbili yaweza kufanana kwa macho yasiingiliane. Idadi iwe tarakimu tupu. "Boksi 2" huenda ikakataliwa.

Kabla ya kupakia orodha nzima, pakieni mistari kumi. Kisha fundi na mtunza stoo waende rafuni na orodha iliyotolewa na programu yenyewe, mmoja asome boksi, mwenzake afuate kwenye karatasi, herufi kwa herufi, sifuri za mwanzo zikiwemo.