Masisi–Walikale: Karte ya elektroniki ikinyamaza, usiitupe haraka

Karibu nusu ya bati inayotumiwa duniani huishia kuchomelea vifaa vya elektroniki. Ndiyo maana M23 walipokaribia Walikale Machi 2025 na kampuni ya Alphamin ikasimamisha kazi kwenye mgodi wa Bisie, bei ya bati ilipanda mara moja London. Upande wa Masisi, koltani ya Rubaya hutoa tantalum ya kutengeneza kapasita, vile vidude vinavyotunza umeme kidogo ndani ya simu na ordinateri. Madini yanatoka kwetu. Lakini mashini iliyotengenezwa nayo ikirudi huku na kukataa kazi, wengi tunaitupa, ama tunasubiri fundi wa kutoka Goma.

Kusubiri kuna hatari yake. Tuseme kituo cha afya kina frigo ya chanjo ya kutumia jua, na pembeni kisanduku chenye mikrokontrola, yaani ordinateri ndogo kama ukucha. Kinapima joto na kutuma SMS likitoka kati ya digrii 2 na 8. Siku SMS zikikoma, muuguzi hajui kama chanjo zimeharibika au ni kisanduku tu kimenyamaza. Na barabara ya Masisi kwenda Sake, wakati wa mvua au wa mapigano, si ya kupita kwa ajili ya kuuliza swali.

Mara nyingi mikrokontrola ni nzima. Kilichokatika ni mazungumzo yake na moduli ya simu. Mazungumzo hayo huitwa mawasiliano ya seriali: ujumbe unapita biti moja nyuma ya ingine, waya mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi.

Anza na waya. TX ni mdomo, RX ni sikio. Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule. Anayeunga TX na TX ameweka watu wawili wanaosema pamoja bila yeyote kusikiliza. Halafu kuna waya wa masi, ulioandikwa GND, ambao husahaulika kwa sababu kila upande una batri yake. Bila huo, herufi zinafika ovyo au hazifiki kabisa. Na kabo ya USB je? Jaribu ingine: baadhi ya zile za kuchaji simu zina waya za umeme tu, hazipitishi data.

Skrini ikijaa alama za ajabu, hiyo ni habari nzuri kidogo: waya zinapitisha. Mara nyingi kinachogongana ni kasi. Mmoja anasema kwa baudi 9600, mwingine anasikiliza kwa 115200.

Kwenye Arduino Uno, miguu 0 na 1 hutumiwa pia na USB. Moduli ikiungwa hapo, programu mpya inakataa kuingia, itoe kwanza. Tena Uno inasema kwa volti 5, wakati ESP32 inavumilia 3.3 tu. Rezistansi mbili, ya omu 1000 na ya omu 2000, zinatosha kushusha sauti hiyo.

Kosa linalosumbua zaidi huku kwetu ni lingine. Moduli ya SIM800, kwa nukta fupi ya kutuma, inaweza kuvuta hadi ampea 2. Mjini, karibu na antena, inafanya kazi bila shida. Katika bonde ambako rezo ni dhaifu, inalazimika kupaza sauti kwa nguvu zote. Volti inaanguka, moduli inazimika na kuwaka tena katikati ya sentensi. Fundi anaona ukimya, anaandika programu upya usiku mzima. Bure. Programu haikuwa na kosa.

Dawa yake ni umeme wa peke yake wa volti 4 hivi, waya fupi na nene, na kapasita ya mikrofaradi 100 karibu kabisa na mguu wa umeme. Aina inayofaa hapo ni ya tantalum. Huenda ilipitia Rubaya, nani ajuaye.

Ukimaliza, andika AT na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ikijibu OK, acha iwake saa nzima ndani ya bonde lenyewe, siyo mezani mjini, kabla ya kuifunga tena pembeni ya frigo.