Gari Mseto la Familia na Safari za Kila Siku (Sehemu ya Pili)

Gari mseto, yaani gari linalosukumwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme bila kuchajiwa kwa waya, haliwezi kupimwa kwa kigezo kinachotumika kupima gari la injini peke yake, kwa kuwa faida yake hutegemea barabara linakopita kila siku na hali ya betri yake. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza asili ya magari hayo tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwezi Desemba 1997. Sehemu hii inachunguza sedani moja ya familia, Toyota Corolla Axio Hybrid, iliyoingia katika soko la Japani Agosti 2013 na ambayo Afrika Mashariki huipokea ikiwa mtumba.

Ilipotoka, Axio hiyo ilitangazwa kuwa hutumia lita moja ya petroli kwa kilomita 33, na tarakimu hiyo ndiyo ambayo wauzaji wengi huitaja kwanza. Ilitokana na kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, ambacho hufanyika maabara kwa sekunde 1,204, gari likizungusha magurudumu juu ya mitambo kwa umbali unaozidi kidogo kilomita 8, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa, vituo vikiwemo, na usiovuka kilomita 81.6 kwa saa. Humo hamna mlima, hamna matuta ya barabarani, hamna abiria watano na mizigo yao, wala kiyoyozi kinachofanya kazi adhuhuri ya Dar es Salaam. Kwa hiyo tarakimu hiyo hufaa kulinganisha gari moja na jingine yaliyopimwa kwa njia hiyohiyo, lakini anayeitumia kupanga bajeti ya mafuta ya mwezi ataishiwa mafuta kabla mwezi haujaisha.

Hata hivyo, foleni ndiyo mahali ambapo gari hili huonyesha ubora wake. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,500 hufuata mzunguko wa Atkinson, uliopewa jina la mhandisi Mwingereza James Atkinson, ambao katika magari ya leo hupatikana kwa kuchelewesha kufunga vali ya kuingizia hewa, ili mchanganyiko ubanwe kwa umbali mfupi kuliko ule ambao moshi wa mlipuko huisukuma pistoni. Petroli hutumika vizuri zaidi, ila injini hulegea inapozunguka polepole. Pengo hilo huzibwa na mota ya umeme, ambayo hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu gari linapoanza kusogea. Gari linaposogea mita chache kisha likasimama, kama ilivyo jioni katika Barabara ya Morogoro au Barabara ya Mombasa, injini huzimwa na mota hufanya kazi peke yake. Na dereva anapoachia mafuta au kukanyaga breki, mota hiyo hugeuka jenereta, ikirudisha betrini sehemu ya nishati ambayo gari la kawaida huipoteza ikiwa joto la breki.

Tarakimu za nguvu nazo huwachanganya wanunuzi. Injini ina nguvu za farasi 74 na mota ina 61, lakini gari zima lina 100 tu, si 135, kwa sababu mota haiwezi kutoa zaidi ya kile ambacho betri inaweza kuipa kwa wakati mmoja. Betri yenyewe ni ndogo: ina volti 144 na ampea-saa 6.5, yaani chini kidogo ya kilowati-saa moja, nishati ambayo birika la umeme la wati 2,000 lingeimaliza kwa nusu saa. Tena kompyuta ya gari hairuhusu nishati hiyo itumike yote, ili seli zisichakae mapema, na ndiyo maana gari haliendi mbali kwa umeme mtupu.

Katika safari ndefu, kwa mfano kilomita 480 hivi za Nairobi hadi Mombasa, tofauti kati ya gari hili na sedani ya kawaida hupungua, kwa kuwa injini hufanya kazi karibu muda wote na breki hukanyagwa mara chache. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, betri hujaa kabla ya kufika chini, na ikishajaa haipokei tena; hapo dereva hana budi kuweka gia kwenye herufi B, inayoifanya injini izuie mwendo, asije akaziunguza breki.

Lakini jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni upumuaji wa betri. Betri ya Axio hii, iliyotengenezwa kwa nikeli, imelazwa chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na feni ndogo inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu lililo karibu na kiti hicho. Kava za viti zinazoshonwa mtaani mara nyingi huliziba tundu hilo, na gari linaloendeshwa vioo wazi kwenye barabara ya vumbi huijaza feni tope kavu, hadi mapanga yake yanakuwa mazito na hewa haipiti. Betri hupata joto, seli huzeeka, na mwenye gari huambiwa kuwa teknolojia hiyo haifai nchi za joto, ilhali kulisafisha tundu na feni kungeirefushia betri maisha. Ni hasara inayosikitisha, kwa sababu inazuilika kwa kazi ya gereji isiyozidi saa chache.

Kwa upande mwingine, gari hili halina starta ya kawaida, alteneta wala mkanda wa injini, na pedi za breki hudumu kwa kuwa mota huzipunguzia kazi. Lina pia betri ya pili, ya volti 12, inayoamsha kompyuta. Ikifa, gari haliwaki, na si mafundi wachache wanaoihukumu betri kubwa kwa kosa la betri ndogo. Nyaya za rangi ya chungwa hazipaswi kuguswa na asiyefunzwa, kwani umeme unaokwenda kwenye mota huweza kupita volti 500.

Kenya huzuia kuingizwa kwa magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8, na hivyo mnunuzi hupokea betri iliyokwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa. Dalili ya uchovu wake ni kipimo cha dashibodi kinachopanda hadi kujaa na kushuka ghafla ndani ya dakika chache. Kubadilisha kipande kimoja kilichokufa na kuviacha vingine vilivyozeeka pamoja nacho ni nafuu ya muda tu, kwa kuwa vipande hivyo hufanya kazi kwa kufuatana na kile dhaifu huvichosha vingine. Kwa hiyo volti za kila fungu la seli zisomwe kwa kompyuta ya fundi, gari likiwa linapanda mlima, kabla bei haijakubaliwa.