Ituri: Hesabu ya maji ya wakimbizi isifungwe ndani ya amri za kompyuta

Bule, katika eneo la Djugu, jimboni Ituri, ndiko iliko kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO waliishambulia na kuua watu takriban 60. Mahali kama hapo, idadi ya watu hubadilika kwa usiku mmoja, na hesabu ya msaada hurudiwa kila mara.

Kipimo cha chini cha Sphere, kinachofuatwa na mashirika ya misaada, ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Watu 1,200 wanahitaji lita 18,000. Kijana anayejua Python anaweza kuandika programu ndogo: unaandika jina lake na namba 1200 kwenye dirisha la amri, jibu linatoka.

Shida huanza pale kusoma amri na kupiga hesabu vinapoandikwa pamoja. Orodha ikija kutoka kwenye simu, kwa KoboToolbox, hesabu haichomoki. Inangoja mtu aandike amri. Mwandishi anainakili, zinakuwa hesabu mbili. Kipimo kikipanda hadi lita 20, anarekebisha moja na kusahau nyingine. Kwa watu 1,200, lita 6,000 zinapotea kila siku: bidoni 300 za lita 20. Programu haisimami wala kulalamika. Inatoa namba tu.

Dawa yake ni kutenganisha mlango na jiko. Kwanza, majibu ya programu ya zamani yanahifadhiwa. Kisha hesabu inawekwa peke yake: inapokea idadi ya watu na kurudisha lita, bila kujua idadi imetoka wapi. Kusoma amri kunaachiwa argparse, iliyoingia Python 2.7 mwaka 2010. Mtu akiandika «elfu moja» kwa maneno, inamkatalia mlangoni. Lakini kukataa idadi iliyo chini ya sifuri ni kazi ya hesabu yenyewe, maana kosa hilo linaweza kuja hata kwa simu.

Mwishoni, majibu mapya yanalinganishwa na ya zamani. Watu sifuri, lita sifuri; watu 1,200, lita 18,000. Jaribio hilo halihitaji mtandao, na linafanyika kabla lori la maji halijaondoka.