Je, Wajua? Darasa Lilipitia Posta Kabla ya Kuingia Simuni

Je, wajua kwamba Tom Mboya aliwahi kusoma uchumi kwa posta? Kabla hajapata ufadhili wa kwenda chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, mkaguzi huyu wa afya jijini Nairobi alijiandikisha kwa kozi ya cheti katika Efficiency Correspondence College ya Afrika Kusini. Hapakuwa na kamera wala mambo ya "mnanisikia?" Unatuma kazi yako, unasubiri wee, bahasha inarudi na alama. Alipouawa mwaka 1969 alikuwa mbunge wa eneo tunaloliita Kamukunji leo. Kwa hivyo kijana wa mtaa wa Bahati anayesoma kwa simu huku masikio yamezibwa hajaanzisha jambo jipya. Amerithi.

Je, wajua redio nayo imewahi kuwa chuo? Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa posta na redio kule Kikuyu. Mwalimu wa shule ya msingi alisikiliza kipindi, akafanya zoezi, akatia stempu, na asubuhi akawa mbele ya wanafunzi wake kama kawaida.

Chuo Kikuu Pepe cha Afrika kilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia mjini Washington, kisha makao yake yakahamia Nairobi mwaka 2002. Wakati huo masomo yalishushwa kwa setilaiti. Nyaya za chini ya bahari zilikuja kufika Mombasa mwaka 2009.

Je, wajua jiko lako la makaa, lile lenye kiuno chembamba na udongo ndani, lina asili ya Thailand? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu waliichukua ndoo-jiko ya Kithai, wakaifanyia marekebisho, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo wakawa miongoni mwa waliolishika na kulisambaza. Fundi mmoja alikata bati, wa pili akachungulia, wa tatu akaiga akapunguza bei. Video ya mafunzo ilikuwa jirani yako mwenyewe, na hakutaka bando.

Na wajua Julius Yego, bingwa wa dunia wa mkuki jijini Beijing mwaka 2015 kwa mtupo wa mita 92.72, alianza kujinoa kwa kutazama video za YouTube? Yeye ni wa Nandi, si wa kwetu Eastlands, Nairobi, lakini nani atanikataza kumtaja?

Wa kwetu ni huyu fundi simu ninayepita kibandani kwake Kayole. Simu ya mteja iko wazi mezani, matumbo nje. Simu yake mwenyewe ameiegemeza kwenye mkebe wa gundi, fundi wa India anaeleza jambo kwa lugha ambayo huyu wetu haijui hata neno. Sauti ameizima. Anatazama mikono tu. Akifika pahali pagumu husimamisha video kwa kiwiko, maana vidole vimeshika waya wa risasi, kisha hurudisha nyuma sekunde kumi, mara tatu, mara nne. Nilimuuliza alisomea wapi. Akanionyesha ile simu kwa kidevu.

Je, wajua shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021? KICD, taasisi ya mitaala, ilipeleka masomo redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Vizuri. Ila katika ploti za Kayole na Dandora, simu ya maana ndani ya nyumba mara nyingi ni moja, ni ya baba, na baba huondoka nayo saa kumi na moja alfajiri.

Ndiyo maana naiheshimu sana Shupavu 291, huduma ya Eneza Education iliyopeleka masomo na maswali kwa ujumbe mfupi. Ilifanya kazi hata kwenye kabambe. Wenye kuchora mustakabali wa elimu huchora kioo kikubwa chenye rangi. Mimi huchora mulika mwizi.

Je, wajua Harvard na MIT walipofungua kozi 17 za kwanza za bure mtandaoni, kati ya 2012 na 2013, waliojiandikisha walihesabiwa mara 841,687, na vyeti vilivyotolewa vikawa 43,196? Hiyo ni takriban 5 kwa kila 100. Usijilaumu sana kwa ile kozi uliyoiachia somo la pili.

Je, wajua maktaba ya McMillan, katikati ya jiji, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1958? Matawi yake yako kwetu, Kaloleni na Makadara, na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limeyakarabati. Anayesoma kwa simu kwenye kitanda cha juu cha dabo deka, huku mdogo wake akilia chini na jirani akifungulia muziki, atakwambia meza tulivu ina thamani zaidi kuliko gigabaiti tano.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023. Makao ni Konza, darasa ni popote palipo na mtandao.

Je, wajua vijana wengi wa Nairobi walijifunza sosholojia, uuguzi na hata falsafa kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao? Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo kule England kwa sheria ya 2022, na Novemba mwaka huo huo ikaja ChatGPT, ikaanza kula wateja wao mmoja mmoja. Aliyesoma ni huyu wetu, aliyevaa joho ni yule. Wa kulaumiwa zaidi sijui ni nani, ila najua cheti kiko ukutani kwa nani.

Na vyeti halali vya mtandaoni navyo huzaliwa mara ya pili saiba. Juzi Umoja, mbele yangu kwenye foleni, dada mmoja alifungua barua pepe, cheti cha chuo cha Marekani kikajaa kioo, jina lake katikati kwa herufi za kuvutia. Miezi minne ya usiku. Mwenye saiba, aliyekuwa anamaliza kuchapa ratiba ya mazishi, hakuinua hata macho.

"Ya rangi ama nyeusi?"