Mama Ahamapo, na Paka Wake Je?

Huko Adungosi, kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, tunamjua mama mjane ambaye wanawe wote wanaishi Mombasa. Macho yake yamepungua nuru, na magoti hayamruhusu tena kuchota maji. Wanawe wakakubaliana kumchukua. Chumba kikatayarishwa, nauli ikalipwa. Mama akauliza neno moja tu: "Na huyu je, wanangu?"

Alikuwa akimwonyesha paka wake. Watoto wakacheka, wakasema Mombasa haina uhaba wa paka. Asubuhi ya safari, mama alikataa kupanda basi.

Hatusimulii haya kwa kuwalaumu. Nia yao ilikuwa njema, kwani Sura Al-Israa, aya ya 23, inatuamrisha kuwafanyia wema wazazi wafikiapo uzee. Lakini wema hauishii kwenye kitanda na chakula. Tangu mumewe alipofariki, paka yule ndiye aliyekuwa akimngoja mlangoni kila jioni.

Dini yetu haimdharau kiumbe huyu. Katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa paka si najisi. Bukhari na Muslim nao wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Basi kumtelekeza katika nyumba iliyofungwa si jambo dogo.

Kumhamisha nako kuna utaratibu wake. Kwanza, apelekwe kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maana paka pia huambukizwa, na cheti kihifadhiwe. Wanaovuka mpaka kuingia Uganda waulize mapema hati zinazotakiwa. Safarini awekwe katika tenga lenye kifuniko na matundu, juu ya kanga kuukuu ya mama, ili harufu aliyoizoea imtulize. Afikapo, akae chumba kimoja kwa siku kadhaa kabla ya kuzungushwa nyumba nzima.

Nyumbani mkiwa na mja mzito, asiguse kinyesi cha paka, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vya toksoplazma vinavyomdhuru mtoto tumboni. Mwingine asafishe kila siku, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Zipo pia familia zinazolazimika kuwapeleka wazee katika makao maalumu, kama yale ya Serikali ya Zanzibar huko Welezo na Sebleni. Popote iwapo, ulizeni kabla ya kuhama kama wanyama hupokewa. Wasipopokewa, mtafutieni paka mlezi mwaminifu, kisha mwambieni mzee ukweli. Kumdanganya ni kumvunjia heshima.

Mama wa Adungosi alingoja miezi mitatu. Ndipo mjukuu wake alipokuja na tenga mkononi, akamwamkia, akaliweka chini mbele yake. Mama alilipapasa, akalitandika kanga yake mwenyewe.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Sasa twende."